Mama Mwenye Blogu, Usiuze Udhamini Wako

Ukifika sokoni Morogoro mjini asubuhi na mapema, utawakuta akina mama walioshuka kutoka milima ya Uluguru. Wengine wametoka Kinole na ndizi na mananasi, wengine wamepanda gari kutoka Mgeta na magunia ya kabichi, karoti na njegere. Mnunuzi anaposimama mbele ya fungu la mboga, hawezi kujua kwa macho kama zilipuliziwa dawa jana au la. Kwa hiyo anauliza. Na mara nyingi hamwulizi muuzaji mwenyewe, bali anamgeukia mama mwingine aliye karibu: "Dada, huyu mboga zake unazijua?"

Jibu la dada huyo lina thamani kubwa kwa sababu hakulipwa ili alitoe. Siku itakapojulikana kwamba alikuwa akipewa mia tano kwa kila mteja anayempeleka kwenye meza ile, hakuna atakayemwuliza tena.

Makala haya yanahusu jibu la namna hiyo, ila katika soko jingine: intaneti. Siku hizi akina mama wengi huandika huko habari za mapishi, malezi, ushonaji na maisha ya nyumbani. Ukurasa wa mtu binafsi wa kuandikia makala zake huitwa blogu, nao si jambo geni kwetu. Ndesanjo Macha alianza blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004, na mwaka uliofuata Issa Michuzi akaanza ya kwake. Tangu hapo blogu zimekuwa nyingi, na pamoja nazo imekuja biashara moja ambayo kila mama anayeandika, au mwenye binti anayeandika, anapaswa kuielewa kabla haijamfikia.

BARUA YENYE DOLA

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Anakaa Bigwa, chini ya mlima. Kwa miaka minne ameandika habari za uji wa watoto, za kuhifadhi mboga za Mgeta, na za kupika ndizi kwa nazi. Hajapata utajiri, lakini mtu akitafuta "uji wa lishe wa mtoto wa miezi minane" kwenye Google, makala yake hutokea juu. Wasomaji humwandikia kutoka Dodoma, Mbeya na hata Muscat.

Siku moja anapokea barua pepe kutoka kwa mtu asiyemjua. Inasema hivi kwa ufupi: tunapenda sana blogu yako, tutakulipa dola 40 uweke sentensi moja ndani ya makala yako ya uji, yenye linki ya kwenda kwenye tovuti ya mteja wetu. Linki ikae daima. Usiandike kwamba ni tangazo.

Dola 40 ni karibu shilingi laki moja. Wiki hiyo hiyo mwanawe amechaguliwa kwenda shule ya bweni, na orodha ya vitu imelala mezani: godoro, tranka, sare, ndoo, viatu jozi mbili. Mama anamwambia mumewe, "Baba, hawa watu wanataka sentensi moja tu." Mume naye anauliza swali la maana, "Na huyo mteja wao anauza nini?" Mama anafungua kuangalia. Anauza mikopo ya haraka kwa simu. Wanatazamana kidogo. Kisha wanatazama ile orodha ya shule, na mama anakubali. Baada ya miezi mitatu ameuza linki sita.

Wewe ungefanyaje? Usiwe mwepesi wa kumhukumu. Wengi wetu tungekubali, hasa kama hatujui ni kitu gani hasa tunachouza.

LINKI NI NINI HASA?

Linki ni maneno ambayo msomaji akiyagusa yanampeleka kwenye ukurasa mwingine. Wapo wanaoiita kiungo, lakini mwandishi wa mapishi afadhali aseme linki, asije akachanganya na mdalasini na pilipili manga!

Google ilianzishwa Marekani mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wazo lao kubwa lilikuwa rahisi kulieleza. Katika mamilioni ya kurasa, utajuaje upi ni mzuri? Angalia kurasa nyingine zinaelekeza wapi. Kila linki ihesabike kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimiwa iwe na uzito zaidi. Hesabu hiyo waliiita PageRank. Tangu wakati ule Google imeongeza vipimo vingine vingi, lakini linki bado ni mojawapo.

Sisi wa Morogoro tunao mfano wa karibu kabisa wa jambo hili. Katika milima ya Uluguru wapo wakulima wa kilimo hai ambao, kwa msaada wa shirika la SAT la hapa Morogoro, hukaguana wao kwa wao. Mkulima hutembelewa shambani na wenzake wa kikundi. Wao ndio wanaothibitisha kwamba hatumii dawa za viwandani wala mbolea za chumvichumvi, na kwa uthibitisho huo mazao huweza kubeba alama ya Kilimohai, ambayo nchi za Afrika Mashariki zimekuwa nayo tangu mwaka 2007. Mnunuzi wa mjini hakwenda mlimani. Anaiamini alama kwa sababu anawaamini waliotembea shambani.

Sasa fikiria mwanakikundi mmoja akianza kuuza sahihi yake: ukinipa shilingi elfu kumi, nitathibitisha shamba lako bila kulikanyaga. Hatakuwa amemdanganya mnunuzi mmoja tu. Alama nzima itaharibika, pamoja na jasho la wenzake waliopalilia kwa mkono.

Hivyo ndivyo ilivyo linki iliyouzwa kwa siri. Aliyeinunua hakuwa na haja kubwa na wasomaji wa uji. Alitaka Google ihesabu kura ya mama yetu, ili tovuti ya mikopo ipande juu na kuonekana kama inayoaminika. Alinunua udhamini. Na udhamini huo haukutoka katika ile sentensi moja, bali katika miaka minne ya uji.

ADHABU HUJA NAMNA GANI?

Hebu tuseme wazi: kuuza tangazo si kosa. Kanuni za Google zenyewe zinakubali kwamba watu hununua na kuuza linki kwa ajili ya matangazo. Zinachodai ni kwamba linki iliyolipiwa iwekewe alama ambayo mtambo unaisoma, ili isihesabike kama kura. Alama ya kwanza, nofollow, ilianza Januari 2005. Septemba 2019 ikaongezwa nyingine iitwayo sponsored, kwa ajili ya linki za kulipiwa hasa. Msomaji haoni alama hizo; huandikwa ndani ya ukurasa. Kwa hiyo msomaji naye anastahili kuambiwa kwa maneno ya kawaida: "Hili ni tangazo."

Asiyefanya hivyo anaweza kupatwa na moja kati ya mambo mawili. Mara nyingi programu za Google hutambua zenyewe linki za kuuzwa na kuacha kuzihesabu, na mwenye blogu hapati taarifa yoyote. Jambo la pili ni zito zaidi: mfanyakazi wa Google huikagua tovuti na kutoa adhabu. Ujumbe wake huonekana katika huduma ya bure iitwayo Search Console, ambayo kila mwenye tovuti anaweza kujiandikisha. Ujumbe husema kwamba tovuti ina linki zisizo za asili zinazotoka kwake. Kuanzia hapo linki zake zaweza kupoteza imani, na pengine kurasa zenyewe zikashuka au zisionekane katika matokeo ya utafutaji.

WENZETU WALIFANYA NINI?

Tutajifunza kwa wale waliotangulia. Mwaka 2006 kampuni moja ya Florida, Marekani, iliyoitwa PayPerPost ilianza kuwalipa wenye blogu ili waandike juu ya bidhaa. Miongoni mwao walikuwamo akina mama wa nyumbani walioandika wakati watoto wamelala. Oktoba 2007 Google ilishusha alama za PageRank za tovuti nyingi zilizouza linki, zikiwamo blogu zenye majina makubwa. Mwezi uliofuata, blogu nyingi za PayPerPost ziliamka na kukuta alama zao ni sifuri.

Kilio kilikuwa kikubwa, na wenye blogu waligawanyika. Wengine walikasirika na kusema: blogu ni yangu, naandika nipendavyo, Google ni nani hata anipangie? Wengine waliendelea kuuza, ila kwa kujificha. Wengine walipitia makala zao moja baada ya nyingine, wakaondoa linki au kuzitia alama, kisha wakaomba kuangaliwa upya. Na wengine waliamua kutomtegemea Google peke yake, wakajenga uhusiano wa moja kwa moja na wasomaji wao.

Wale waliokasirika hawakuwa wajinga. Kampuni hii yenyewe huishi kwa kuuza matangazo, na mwandishi mdogo hana pa kukatia rufaa isipokuwa kwa mtu yule yule aliyemhukumu. Hilo ni lalamiko la haki. Hata hivyo, haiwezi kusemwa kwamba wakubwa hawaguswi kamwe. Mwaka 2009 tawi la Google la Japani lilibainika kuwalipa wenye blogu, nalo likashushwa alama. Januari 2012 ukurasa wa programu ya Google Chrome ulishushwa kwa angalau siku 60 kwa sababu ya makala za kulipiwa.

Kisha likaja jambo la maua. Februari 2013, wiki chache kabla ya Siku ya Akina Mama ya Uingereza, ambayo kwa wauza maua ni msimu wa mavuno, kampuni ya maua ya Interflora ilitoweka katika matokeo ya Google nchini humo. Ilikuwa imeenea kwenye magazeti mengi ya mikoani kwa matangazo yaliyoandikwa kama habari, yenye linki. Iliripotiwa pia kwamba wenye blogu walikuwa wametumiwa maua na kuandika juu yake. Magazeti yaliyohusika nayo yalishushwa alama. Kampuni ilihangaika kuondoa linki hizo, ikarudi kabla ya siku yenyewe kufika. Kampuni kubwa ina watu wa kuhangaika usiku na mchana. Mama wa Bigwa yuko peke yake, na sufuria iko jikoni.

Mwaka 2016 jambo hili liliwafikia hasa waandishi wa nyumbani. Machi mwaka huo Google iliwashauri wenye blogu wanaopewa bidhaa za bure wazitie alama linki zao na kuwaambia wasomaji ukweli. Mwezi uliofuata adhabu zikaanza kutolewa. Wengine kwa hofu walitia alama ya nofollow kwenye linki zao zote, hata zile za marafiki na za makala walizozipenda kweli. Ni sawa na mama aliyeshuhudia uongo mara moja, akaapa kutomshuhudia mtu yeyote tena hata katika kweli. Haikuhitajika. Kosa lilikuwa katika zile zilizolipiwa tu.

MSOMAJI NDIYE ANAYEUMIA

Tukizungumzia Google tu, tutakuwa tumesahau mtu muhimu kuliko wote. Kumbuka ile linki ya mikopo ndani ya makala ya uji. Mama wa Dodoma mwenye mtoto mchanga anaisoma saa nne za usiku. Anamwamini mwandishi, kwa kuwa uji wake ulimfaa. Anagusa linki. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wengi wetu tunamfahamu jirani au ndugu aliyekopa kwa simu, kisha watu wote walio kwenye simu yake wakatumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Mama yetu wa mfano hakuuliza kama tovuti ile ilikuwa na leseni. Alipokea dola 40, na mtu mwingine huenda akalipa laki nane.

Kwa hiyo hata kama Google isingekuwapo, swali lingebaki pale pale: nimemwelekeza mwenzangu mahali ambapo mimi mwenyewe nisingekwenda?

UKISHAPATA ADHABU, FANYA HIVI

Ikiwa umekwisha kuuza linki, usikate tamaa. Njia ya kurudi ipo, nayo haihitaji fundi wa gharama kubwa, bali uvumilivu.

1. Mwambie mwenzi wako. Fedha ziliingia nyumbani, na tatizo nalo ni la nyumbani. Siri huongeza uzito wa mzigo.

2. Chukua daftari. Andika kila linki uliyolipiwa, kwa fedha au kwa zawadi, tarehe yake na aliyekulipa. Mali bila daftari huisha bila habari. Na makosa pia.

3. Amua juu ya kila moja. Linki ya kitu usichokiamini, iondoe. Linki ya kitu kizuri ambacho ni tangazo, itie alama ya sponsored au nofollow, na uandike juu ya makala kwamba umelipwa.

4. Mwandikie aliyekulipa kwa adabu. Mweleze kwamba linki imeondolewa au imetiwa alama. Kama mlikubaliana ikae daima, huenda akadai fedha zake. Ukiweza, zirudishe hata kwa awamu. Hapa panauma, maana fedha zilikwisha kununua godoro. Lakini ni bora deni linalojulikana.

5. Omba kuangaliwa upya kupitia Search Console. Eleza kosa lilikuwa nini, umefanya nini kulirekebisha, na matokeo yake ni yapi. Usijitetee kwa maneno mengi, wala usiache linki mbili tatu ukidhani hazitaonekana. Jibu laweza kuchukua siku kadhaa au majuma.

6. Waambie wasomaji. Sentensi mbili zinatosha: "Niliweka matangazo bila kuwaambia. Nimeyaondoa." Usishangae baadhi yao wakikuheshimu zaidi.

Nafasi yako katika utafutaji huenda isirudi mara moja kama zamani, kwa sababu wakati ulipokuwa chini wengine waliandika. Endelea kuandika vizuri. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na wewe ambaye hujauza, lakini barua imekwisha kufika, jiulize maswali matatu. Je, ningeiweka linki hii bila kulipwa? Je, niko tayari kumwambia msomaji kwamba nimelipwa? Na je, anayenilipa atakubali niitie alama? Akikataa hilo la tatu, basi hataki tangazo. Anataka udhamini wako.

UZA NDIZI, USIUZE SHAMBA

Hatusemi mama asipate riziki kwa kalamu yake. Kuandika ni kazi, na gharama zipo. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza, ada za leseni zilifika zaidi ya shilingi milioni mbili, na baadhi ya wenye blogu nchini walifunga kwa kushindwa kulipa. Njia za halali zipo: tangazo linalojulikana kuwa tangazo, darasa la mapishi, kijitabu cha kuuza, au kuuza unga wa lishe wenyewe.

Waluguru wanayo hekima ya zamani juu ya jambo hili. Kwa desturi yao, ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamke hulima shamba la ukoo, huvuna ndizi, huzipeleka mjini, na fedha ni zake. Lakini shamba lenyewe si la kumwuzia mgeni apitaye njiani, kwa sababu bibi alililima, na wajukuu watalila.

Imani ya wasomaji ndiyo shamba la mwandishi. Mama yetu wa Bigwa alikuwa na haki ya kuuza ndizi. Alichouza kwa dola 40, bila kujua, ni kipande cha shamba, mara sita. Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, anakaa mezani na mumewe na lile daftari, wakianza na linki ya kwanza: ile ya mikopo, ndani ya makala ya uji. Wanaifuta. Zimebaki tano.